Mxiuu! CCNA kwa Laki Mbili na Nusu?

Hebu tusomeane tangazo kwanza, maana leo hapa kijiweni drafti imelala kwa ajili yake. "Anatakiwa fundi wa kompyuta. Awe na diploma au shahada ya TEHAMA. Awe na cheti cha CompTIA A+ pamoja na CCNA. Uzoefu usiopungua miaka miwili. Ajue kufunga kamera za ulinzi, kutengeneza printa na kusimamia kurasa za kampuni mitandaoni. Awe tayari kufanya kazi muda wowote atakapohitajika. Mwenye leseni ya pikipiki atapewa kipaumbele. Mshahara: maelewano."

Mxiuu!

Pikipiki ya nini, bwana? Huyu anakwenda kutengeneza kompyuta au kupeleka vifurushi? Na huo muda wowote ni upi, hata siku anayooa? Lakini tuyaache hayo, uchungu wenyewe uko mstari wa mwisho. Mji huu kiwanja kinatangazwa na bei yake, gari bovu linatangazwa na bei yake, hata mama wa vitumbua pale kaandika bei kwenye kipande cha boksi. Kazi ya mtu ndiyo haina bei, mpaka mwenyewe aende akaketi chini ya kiyoyozi.

Anayejua maelewano hayo yanavyokwenda ni dogo yule aliyekaa pembeni na begi la laptop mapajani. Ameitwa kwenye usaili, ameulizwa lile swali ambalo vijana wanaliogopa kuliko mtihani wenyewe: "Unategemea kulipwa shilingi ngapi?" Akajibu milioni moja na laki mbili. Bosi akacheka, akamwita na mhasibu aje kucheka. Halafu akamwambia, "Sisi tunaanza na laki mbili na nusu, tukiona juhudi tutaangalia." Dogo karudi kijiweni kanuna, na kijiwe kimegawanyika kama siku ya Simba na Yanga. Muuza kahawa anasema dogo anajiona. Wa bodaboda anasema bosi ni mwizi. Mimi nasema wote wawili, bosi na dogo, wametaja bei za kazi nyingine kabisa. Bosi katazama mshahara wa msichana wake wa kaunta akaongeza elfu hamsini. Dogo katazama YouTube.

Tuanze na karatasi yenyewe, maana naona wengi hapa wanadhani ni cheti cha semina ya Jumamosi, unakula sambusa mbili, unapiga picha na mgeni rasmi, unaondoka nacho. CompTIA A+ ni mitihani miwili. Wa kwanza unakuuliza vifaa, mitandao, printa na simu. Wa pili mifumo endeshi, usalama na namna ya kumhudumia mteja aliyekasirika. Kila mmoja una maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na alama zinahesabiwa hadi 900: wa kwanza upate 675, wa pili 700. Ukipata 674, kaka, ukirudia unalipa upya, hakuna supu. Kwa bei ya Marekani kila mtihani ni zaidi ya dola 200. CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, ni mtihani mmoja, ule wa 200-301 ulioanza Februari 2020, dola 300. Shika dola kwa 2,500 hivi uone: A+ imeshavuka milioni moja, CCNA laki saba na nusu. Kusoma siku hizi si tatizo, Cisco Networking Academy ipo tangu 1997 na kozi zake nyingi unasoma bure mtandaoni ukiwa umelala kitandani. Kinachouma ni ada ya mtihani.

Na vyote viwili vinaisha baada ya miaka mitatu. Waliofaidi ni waliochukua A+ kabla ya mwaka 2011, cha kwao ni cha maisha. Wa sasa hivi akijisahau, cheti kinakufa kama leseni ya udereva.

Sasa mpigie bosi hesabu yake. Anataka karatasi za zaidi ya milioni moja na laki saba na nusu, anatoa laki mbili na nusu. Dogo afanye kazi miezi saba asile, asipande daladala, asilipe kodi ya chumba, ndipo atakuwa ameirudisha pesa ya mitihani. Na hiyo laki mbili na nusu unajua ni mshahara gani? Haifiki hata pale TRA wanapoanzia kukata kodi ya mshahara. Kodi inaanzia juu ya shilingi 270,000. Yaani serikali, pamoja na ukali wake wote, imeutazama mshahara huo ikaona aibu kuugusa, na bosi anautoa kwa mtu mwenye CCNA huku anajiona mfadhili.

Muuza kahawa akaingilia: "Sasa mwanangu, si bora hicho kuliko kukaa na sisi hapa?"

Mzee wangu, nisikilize. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mtumishi wa serikali ni shilingi 500,000, kutoka 370,000. Kima cha chini, mzee! Hicho ni cha mtu wa ngazi ya chini kabisa kwenye ofisi ya umma, ambaye hakuna aliyemuuliza habari za swichi wala ruta. Halafu mfanyabiashara binafsi anadai mtu aliyefaulu mitihani mitatu ya kimataifa, anampa nusu ya hapo. Akitaka kutoa laki mbili na nusu atoe, lakini aandike tangazo la laki mbili na nusu: "Anatakiwa kijana anayejua kuwasha kompyuta, tutamfundisha kazi." Hilo halina ubaya, wapo wengi watakaokuja mbio, na wengine watakuwa wazuri. Kudai CCNA kwenye tangazo halafu kuikana kwenye mshahara, hapo ndipo ninapopiga msonyo.

Haya, nimemaliza na bosi kwa sasa. Dogo, njoo huku.

Hiyo milioni na laki mbili uliitoa wapi? Mwenyewe anasema aliona kijana wa Marekani anaeleza jinsi A+ ilivyomtoa kwenye kubeba maboksi dukani ikamwingiza kwenye dawati la msaada wa kompyuta, dola 20 hivi kwa saa. Simkatalii, kazi za kuanzia kule zinacheza humo. Dola 20 mara saa 40, mara wiki 52, unapata dola 41,600 kwa mwaka. Dogo akaona hata akiomba robo yake hapa atakuwa amewahurumia. Akazidisha kwa 2,500, akagawanya, akashusha tena kwa sababu yeye ni mnyenyekevu, akatua kwenye milioni moja na laki mbili.

Lakini yule Mmarekani hakukuonesha kodi ya nyumba, dogo. Hakukuonesha bima ya afya wala gari ambalo bila hilo hafiki kazini. Na hakukwambia kwamba kwao A+ ni cheti cha kuanzia. Cheti hicho kilianza mwaka 1993, na waliokianzisha ni chama cha wafanyabiashara wa kompyuta wenyewe, kilichoundwa mwaka 1982, ili mwenye duka Chicago asiyemjua kijana aliyesimama mbele yake ajue walau anaweza kubadilisha diski bila kuunguza kitu. Basi. Hakuna mwajiri wa kule anayekiona cha ajabu. Ukikileta anakwambia asante, kaa pale, pokea simu za watu waliosahau nywila. Huku kwetu kwa kuwa wenye nacho ni wachache, na kwa kuwa kimelipiwa kwa dola, mtu akikipata anatembea kifua mbele kana kwamba ameteuliwa.

Sasa kama si bei ya bosi wala ya YouTube, bei ni ipi? Hapa ndipo watu wanakosana bure, kwa sababu wanadhani cheti kina bei yake, kama mfuko wa saruji. Hakina. Mji huu kinacholipwa ni mahali fundi alipokaa. Mashine ikizima pale ulipo, nani analia, na kwa saa moja ya kulia kwake anapoteza kiasi gani? Humo ndimo mshahara wako unamotoka.

Usinibishie, angalia serikali yenyewe ilivyopanga. Amri ya mishahara ya sekta binafsi iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha biashara na viwanda shilingi 150,000 kwa mwezi, huduma za mawasiliano ya simu 500,000, taasisi za fedha 592,000. Januari 2026 imeanza amri mpya, wastani wa sekta zote umepanda kutoka 275,060 hadi 358,322, lakini desturi ya kila sekta na lake haijaondoka. Mchukue fundi mmoja, yule yule, bisibisi ile ile, anakaza kebo ile ile. Kwa ile amri ya 2023, akiikaza kwenye duka la jumla Kariakoo sheria ilimlinda hadi laki na nusu. Akivuka barabara akaikaza kwenye benki, sheria ilimlinda kwa karibu mara nne. Hajaongeza ujuzi wowote, hajafanya mtihani wowote, amevuka barabara tu.

Kwa hiyo dogo, ukiuliza "A+ inalipa kiasi gani," umeuliza vibaya. Inakuvusha kwenda wapi?

Nenda Makumbusho pale kwa mafundi ukajifunze upangaji wa bei, maana wale hawajasoma uchumi lakini wanaujua kuliko HR. Nilikuwa nimesimama kwenye meza ya mmoja, kaka mwenye darubini ndogo na bloa ya hewa ya moto. Dada mmoja akaja na laptop iliyomwagikiwa chai ya maziwa. Fundi akaigeuza, akafungua skrubu akizipanga kwenye sumaku kwa mpangilio wa zilivyotoka, akainusa. Ndiyo, akainusa! Kisha akaitia chini ya darubini, akaonesha kwa ncha ya koleo pale chai ilipokaukia kwenye miguu ya chipu, utando wa kahawia wa sukari. Hakutaja bei. Akauliza: "Dada, humo ndani kuna nini?"

Dada akasema kuna mahesabu ya wateja wake, na tarehe 20 iko mlangoni, ritani za VAT hazijaingizwa.

Ungeona uso wa fundi. Bei aliyotaja hapo haikuwa ya chai. Ilikuwa bei ya tarehe 20. Na dada hakubisha hata kidogo, akauliza tu, "Itakuwa tayari saa ngapi?" Saa ile ile akaja mwanafunzi na laptop yenye ugonjwa ule ule, soda badala ya chai, ndani kuna sinema na kazi za darasani zilizoshapita. Huyo waliombana na kubembelezana robo saa, mwisho akaambiwa ailete mwisho wa mwezi akipata hela. Fundi yule hana cheti hata cha kushona, analipia meza, anapika uji wake mwenyewe asubuhi, na mwezi ukiwa mzuri mwenye CCNA wa laki mbili na nusu hamfikii. Mwezi ukiwa mbaya, naye anakopa. Hilo nalo tuliseme, maana vijana wakisikia habari za mafundi wa Makumbusho wanasikia miezi mizuri peke yake.

Wa bodaboda akadakia: "Basi cheti cha nini? Si dogo akanunue bloa tu?"

Aka! Bloa haitakuingiza kwenye chumba cha seva cha benki, braza. Pale mlangoni wanataka karatasi, na wana haki. Mtu wa ukaguzi akija kuuliza nani anagusa mashine zenye pesa za watu, hawawezi kumjibu "kuna kijana mmoja hodari wa Makumbusho". Karatasi kazi yake ndiyo hiyo, kukuvusha mpaka kwenye kiti ambacho mtu akikiacha wazi saa mbili kuna hasara inayoandikwa. Ukiichukua karatasi hiyo ukaenda kukaa nayo kwenye stesheneri unapiga Windows na kutoa kopi, umelipa milioni na kitu kupamba ukuta.

Ila mabosi nao wana kilio chao cha kweli, na nisipokisema nitaonekana nimehongwa na vijana. Vyeti vingine vimekaririwa. Wapo wanaouza maswali ya mitihani pamoja na majibu, kijana anakesha nayo wiki mbili anafaulu, ukimpa ruta anaitazama kama ametazamishwa jeneza. Si ugonjwa wa Bongo peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Marekani nao walifurika watu wenye cheti cha MCSE cha Microsoft waliojua kila swali na hawajui seva inawashwa upande gani, na waajiri wakaanza kuwakwepa. Bosi aliyeumwa na mmoja wa namna hiyo anakuwa mgumu kwa wote.

Lakini dawa yake ni nyepesi kiasi kwamba inaniudhi. Chukua kompyuta, chomoa waya mmoja wa diski, legeza RAM, badilisha anwani ya mtandao iwe ya uongo, mwite dogo: "Hii haiwaki, na ikiwaka haina intaneti. Una nusu saa." Kaa kando utazame mikono. Anayejua ataanza na maswali: ilizima lini, nani aliigusa, ilikuwa inafanya nini. Atatazama taa, atasikiliza milio, atakwenda kwa hatua. Aliyekariri atapiga Windows upya. Nusu saa tu, bosi, umejua cheti ni cha kichwani au cha vidoleni. Hutaki kumpima, unataka kumpunguzia mshahara kwa kuwa huenda ni mwongo! Kama ni mwongo usimwajiri hata kwa elfu kumi. Kama si mwongo, mlipe.

Halafu kuna ile michezo ya kujitolea. Kijana anaambiwa ajitolee miezi mitatu "apate uzoefu", analipwa nauli, nayo siku nyingine mhasibu hayupo. Miezi mitatu ikiisha anaongezewa mitatu. Ikiisha hiyo, anaambiwa bajeti haijapita, na Jumatatu yake anakuja mwingine wa kujitolea, anaelekezwa kazi na yule anayetoka! Ofisi inakwenda mwaka mzima mtandao haujazima, na kwenye vitabu vyao hawajaajiri fundi hata mmoja. Mxiuu. Uzoefu wa miaka miwili unaotakiwa kwenye matangazo unatengenezwa humo, kwa jasho la bure, halafu unauliziwa kwenye usaili kana kwamba unauzwa dukani.

Tuje kwenye mkono, maana vijana wengi wanajadili mshahara wa kwenye karatasi, siku ya kulipwa wanadhani wameibiwa. Tuseme umepata laki sita. NSSF wanachukua asilimia 10 kwako, 60,000. Inabaki 540,000 ya kutazamwa na TRA: 270,000 ya mwanzo hawaigusi, kuanzia hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hiyo 20,000, kile kipande cha 20,000 kilichovuka kinapigwa asilimia 20, ni 4,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, asilimia 15 ya mshahara inarudi kwao, 90,000. Jumlisha, toa. Mkononi umeshika 426,000. Weka nauli, gari mbili kwenda na mbili kurudi, hata kwa gari za 600 hiyo ni 2,400 kwa siku, siku 26 ni 62,400. Chumba, chakula, vocha, mchango wa harusi ya mtoto wa shangazi. Laki sita ni mshahara wa kijana anayeanza maisha, si wa kijana anayejidai.

Rudia hesabu hiyo hiyo kwa laki mbili na nusu: NSSF 25,000, nauli 62,400, umebaki na 162,600 na bado hujala hata chapati. Ndiyo maana fundi wa mshahara huo siku zote ana flashi mfukoni na anakwambia pembeni, "Kaka, ile ya nyumbani nitakuja kukutengenezea Jumapili." Bosi akigundua anasema kijana si mwaminifu.

Na zile simu za usiku! Muda wowote atakapohitajika, si ndivyo walivyoandika? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni kwa makubaliano, na inalipwa mara moja na nusu. Siku yako ya mapumziko ni mara mbili. Sasa mtandao hauna adabu, unazima saa nne usiku Jumamosi, na dogo anapigiwa simu yuko kwenye sherehe, anatoka na suti yake anakwenda kulala na swichi. Jumatatu anaambiwa "asante sana, umetuokoa", anapewa na soda. Hiyo soda ndiyo imemeza saa sita za ziada.

Mabosi wajanja wameshapata njia ya kuikwepa sheria hiyo. Wanakupa cheo. Unaitwa Meneja wa TEHAMA, unachapishiwa na kadi, mama yako kijijini anatangaza msibani. Idara yako ina watu wangapi? Mmoja. Nani? Wewe. Lengo la cheo ni ukidai saa za ziada uambiwe meneja hana saa za ziada. Sheria inayomwondoa meneja kwenye hesabu za saa inamzungumzia anayesimamia wafanyakazi wengine, akiripoti moja kwa moja kwa wakubwa wa juu. Wewe unamsimamia nani, printa?

Dogo ana usaili mwingine Alhamisi, kampuni ya usafirishaji mizigo kule bandarini, na hapo nimempa moyo kidogo, maana pale mfumo ukizima kontena linakaa, na kontena likikaa kuna mtu analipia kila siku. Hicho ni kiti cha maana. Nimemwambia wakimuuliza anategemea kiasi gani asiwataje Wamarekani na asitaje gharama za shule yake, hawakumtuma. Awaulize kwanza maswali ya yule fundi wa Makumbusho: mna kompyuta ngapi, mfumo ukizima mnafanyaje kwa sasa, mara ya mwisho ulizima muda gani, nani alikuja kuurudisha na mlimlipaje. Mkandarasi wa nje wanayemwita kila mara ndiye atakayempangia dogo mshahara, maana kama wanamlipa yule laki tatu kwa kuja mara mbili, laki sita kwa mwezi mzima ni nafuu na mhasibu wao atakuwa wa kwanza kusema hivyo. Aanzie laki saba ashuke hadi sita. Kwa mwanzo wa kazi, na vyeti viwili, na mahali kama pale, sioni dhambi. Chini ya laki tano asimame, awaombee kheri, aondoke kwa adabu.

Wa bodaboda anasema atakosa kazi. Inawezekana. Muuza kahawa anasema achukue chochote, mtu ukiwa ndani ndipo unapanda. Nalo lina ukweli wake pale ndani kunapokuwa na ngazi. Ofisi yenye fundi mmoja haina ngazi, ina sakafu tu.

Kitu kimoja nimemlazimisha akiandike kwenye simu yake palepale, asije akakisahau. CCNA yake inaisha baada ya miaka mitatu. Kama wameitaka kwenye tangazo, basi kwenye mkataba kiwemo kifungu cha nani analipia kuihuisha, dola 300 za mtihani na siku mbili za kujiandaa zisizokatwa kwenye likizo. Mshahara wanaweza kukuambia bajeti imefungwa, lakini hili ni la mwaka wa tatu, bajeti yake haijaandikwa na mtu yeyote bado. Kaandika. Muuza kahawa kachungulia kwenye kioo cha simu, akamwambia aongeze na nauli ya usiku, maana mwendokasi wa saa saba haupo.